Bega Langu na Kizuizi cha Ufukweni

Nilitoka Yanonge kwa sababu bega langu la kulia lilikuwa limechomoka kwa mara ya nne, safari hii nikiwa nimelala tu. Mimi ni mpiga kasia. Bila bega hilo watoto wangu hawali. Ilikuwa miaka ya vita, na hakuna aliyekwenda Kisangani kwa kupenda.

Alfajiri tuliondoka kwa mtumbwi. Wenzangu wawili walipiga kasia pamoja na dada yangu Béa, mimi nimekaa kama mzigo, mkono umefungwa kifuani kwa kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga. Niliona aibu.

Jioni ya siku ya pili, ufukweni mwa mji, askari wa kizuizi walituamuru tunyooshe mikono juu. Niliinua wa kushoto tu. Mmoja akakoki bunduki. Béa akasema taratibu, "Chef, iko mugonjwa. Mukono haipande." Wakakifungua kikwembe wenyewe, wakaona, wakatuachia. Tukaenda moja kwa moja hospitali.

Siku ya tatu hospitalini daktari alinieleza. Ukingo laini unaozunguka kikombe cha mfupa wa bega ulikuwa umechanika, ndiyo maana mfupa wa mkono ulikuwa ukiteleza nje. Kwingineko, alisema, wanaingiza kamera kwenye tundu dogo, yeye hana. Atanipasua mbele ya bega, atoboe mfupa matundu matatu, apitishe uzi na kuurudisha ukingo mahali pake. Kisha akaniuliza jambo lililoninyima raha.

"Bon, papa. Nikikaza sana, bega haitatoka tena, lakini mukono haitapanda juu ya kichwa. Nikilegeza, itapanda, lakini inaweza kutoka. Unataka nini?"

Kasia halihitaji mkono upite kichwa. Jibu la mpiga kasia lilikuwa wazi: akaze. Na Béa aliniangalia akilingoja.

"Legeza, docteur," nikasema. "Ku barrière ya askari wanaomba mikono mbili."

Kesho yake daktari alinishona hivyo.

Baada ya majuma sita ya mkono kufungwa, na mengine ya kuufundisha kupanda ukutani kwa vidole, tulirudi. Kizuizini nilikuwa tayari kuinua mikono yote miwili. Askari walikuwa wengine. Walichukua sabuni yetu, wakatupungia tupite. Hakuna aliyetaka kuona mikono.

Sasa napiga kasia tena. Bega halijachomoka, lakini kila ninapovuta maji nasita kidogo, nikilisikiliza. Nilichojifunza katika safari ile kinaniuma mpaka leo: vita ndivyo vilivyochagua namna ya kunishona.