Mtu wa Linux aliyekataa kufungua laptop yake mbele ya askari wa geti, Kakuma

Ejok wakuu. Majina nimebadilisha, lakini mengine yote ni vile yalitokea, sijaongeza chumvi.

Niko na rafiki anaitwa Ekai. Tunafanya kazi ofisi moja hapa Lodwar. Yeye ni Linux, mimi ni Windows.

Mnawajua watu wa Linux. Kamera amebandika plasta. Jina lake haliko popote kwa hiyo mashine.

Mimi password yangu inajulikana na nyumba yote, kwangu mtaani Kanamkemer, mpaka watoto. Ekai huniambia naishi kama mtu anayeoga barabarani. Mimi humjibu sina cha kuficha.

Juzi tukatumwa training Kakuma. Saa ya lunch Ekai akasahau laptop ukumbini. Kurudi, haipo. Na mchana huo yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupresent, mbele ya bosi.

Kumbe iko kwa askari wa geti, mama mmoja Mkongo, Mama Furaha. Aliipata mezani akaiweka salama. Lakini hawezi kuipeana hivi hivi.

Ekai akatoa kitambulisho. Mama akakiangalia, akasema kina sura ya Ekai, hakina laptop.

"Fungula tu, baba. Nione kama ni ya yako."

Ekai akakataa. Akaanza kumweleza privacy, encryption, haki za mtumiaji. Mama akasikiliza yote kwa heshima. Watu wa training wakaanza kujaa getini. Mwishowe Ekai akaomba sisi wote tugeuke.

"Mimi nikigeuka, nitaona na nini?" Mama akauliza.

Bosi akapita akiangalia saa. Ekai akanyoosha mikono. Hiyo password yake haiishi, na mara ya kwanza akaikosea. Mimi huku nacheka tu.

Ikafunguka.

Screen nzima ni picha ya msichana amekaa, anatabasamu. Nikatambua kochi kwanza. Hilo kochi ni langu. Halafu nikaona ni Akiru, dada yangu mdogo.

Kicheko kikaisha.

(Kwa wale si wa huku: mzee akisikia habari za binti yake huko nje kabla wazee wa kijana hawajakuja kuongea mambo ya mifugo ya mahari, hapo kijana ameanza vibaya. Na ngamia zinaongezwa.)

Mama Furaha akatuangalia sisi wawili, akampa laptop yake. Alisema mwizi hawezi kuona haya namna ile.

Jioni Ekai akaniomba kitu kimoja, nisimwambie mzee wetu. Nikamzungusha kidogo, wakuu. Nikamwambia mimi ni mtu wa Windows, kwangu kila kitu kiko wazi. Hakumaliza chakula.

Nikampigia Akiru nimfokee. Akaningoja nimalize. Halafu akaniambia mama yetu anajua. Mke wangu anajua. Hata mzee alishadokezewa, anangoja tu wazee wa Ekai wafike.

"Ni wewe tu tulikuficha," akasema. "Ukiambiwa kitu, Lodwar yote imejua."

Wakuu, hiyo iliniingia. Miaka yote nasema sina cha kuficha, kumbe watu wangu wakiniona nakuja wanabadilisha story.

Password nimebadilisha.

Ekai bado hajui kwamba mzee anajua. Hiyo ndiyo siri yangu ya kwanza, na naitunza vizuri. Nimwambie, ama nimwache ahangaike kidogo?

Na watu wa Mac, nyinyi huficha nini? Semeni hapa chini.