Nahodha Aliyetunyima Usingizi

Nahodha wetu Yevsey Lodigin hakuwa mtu wa kupendeka. Nasema hivyo mimi ninayemwombea kila Jumapili.

Tulitoka bandari yetu ya Kem watu wanane kwenda kuwinda sili kisiwani Grumant, mbali kaskazini, na mwaka ule barafu ikatufungia njia ya kurudi. Tukakwama kwenye kibanda cha magogo majira yote ya baridi, miezi minne bila kuliona jua. Baridi tulikuwa tumeizoea. Tulichokiogopa ni kiseyeye: fizi zinavimba, miguu inakuwa mizito, kisha unajiwa na usingizi mtamu. Ukiukubali, huamki tena.

Yevsey akakata kamba, akampa kila mtu kipande. Funga mafundo mia, yafungue, anza upya. Tulipoyachoka alituamuru tufumue makoti yetu mazima na kuyashona tena. Nyama ya sili tuliila mbichi, ndiyo dawa ya kiseyeye, na aliyekunja uso aliongezewa. Tulimtukana, naye akafurahi, maana anayetukana yu macho.

Kaka yangu Paramon ndiye aliyekata tamaa kwanza. Siku moja aliitupa kamba, akajilaza, akageukia ukutani. Nilimbembeleza, nikamtikisa, nikalia. Wapi!

Yevsey akaja kuketi kando yake, akijikuna ndevu.

"Lala zako, Paramon. Mimi ni mgane wa siku nyingi. Nikirudi Kem nitamuoa mkeo Fevronia."

Akaupima mkono wa Paramon kwa shubiri.

"Koti lako la sikukuu nalo litanifaa. Nitapunguza mikono tu, maana yako mirefu kama makasia."

Paramon akafumbua jicho moja. "Wee mzee mshenzi..."

"Halafu nasikia mkate wake wa samaki hauna mfano. Nitanenepa mimi!"

Kaka aliinuka na upawa, akamkimbiza humo humo kibandani, akianguka na kuinuka, nasi tukicheka huku fizi zinavuja damu. Tangu hapo, kila alipolegea, Yevsey alimtajia tarehe ya harusi.

Tulirudi wote wanane. Paramon hakumsalimia nahodha mwaka mzima. Lakini Fevronia alimpelekea mkate wa samaki, nami nilikuwepo.

"Hivi mzee, kweli ungenioa?"

Yevsey alitafuna kwanza, akameza.

"Kukuoa ningeweza, mwanangu. Kuja kukubishia hodi nikwambie umefiwa, hapo ndipo ningeshindwa."