Kipande cha Tano

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani. La mwalimu wa sayansi, la mzee aliyekagua kazi za watoto kule Migori, la mwanamke wa omena aliyeniambia lile neno siku ya mazishi. Darasa niliishia la tatu, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Hapa sitayaandika, kwa maana kuna moja ambalo hadi leo nikilitamka lazima nitafute pa kukaa.

Nakaa Karungu, upande wa ziwa. Mjukuu wangu nilimlea tangu akiwa na miaka minne, mama yake alipokwenda kisiwa cha Remba kuanika na kuuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Huyo mama ni binti yangu wa mwisho. Alikuwa akituma matumizi na akipiga simu Jumapili, lakini kuja mwenyewe ilikuwa shida. Ulipofika mwaka ninaousema, mtoto alikuwa na miaka kumi na tatu, na alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka miwili na nusu.

Shuleni mwalimu wa sayansi akawaambia kila mtoto atafute jambo la sayansi alipime. Watakaoshinda shuleni wataenda Migori, na watakaoshinda Migori wataenda Homa Bay. Mtoto alipomweleza mama yake kwenye simu, nikasikia sauti ya binti yangu ikitoka humo kwa nguvu: "Ukifika Homa Bay, mimi nitavuka. Hata kama omena imejaa mpaka mlangoni, nitavuka nije nikuone."

Kuanzia siku hiyo kwetu hakukusemwa habari nyingine.

Alichagua kupima vitu vya kufulia. Sabuni ya kipande, sabuni ya unga, ndimu, na majivu. Hayo majivu yalikuwa yangu. Enzi zetu sabuni ilikuwa ya sikukuu, na mimi nilifua kwa maji ya majivu yaliyochujwa mpaka nguo ikatoka kama maziwa. Kanisani kwetu tunavaa kanzu nyeupe, na kanzu yangu watu wanaijua hata nikiwa mbali. Wanawake wa hapa hunitania, "Wewe utamwosha hata mbuzi kabla hajachinjwa."

Nilimpa kanzu yangu ya zamani. Akaikata vipande vitano sawasawa, akavipaka mafuta ya omena na masizi ya sufuria, akaviacha siku mbili. Kisha akafua kila kimoja kwa kitu chake, akihesabu misuguo kwa sauti. Majivu yalikaribia kabisa sabuni ya unga.

"Dani, umeona?" akaniambia. Dani ndiyo bibi kwetu. "Majivu yako yanashindana na watu wa duka."

"Mimi nilijua kabla hujazaliwa," nikasema, na nikacheka mpaka machozi.

Kipande cha tano alikifua kwa maji matupu. Kilitoka vilevile, cheusi, kinanuka. Akakibandika kwenye kadibodi pamoja na vingine, kwa pini, na shuleni akawa wa kwanza.

Safari ya Migori ilikuwa Jumatatu. Jumapili mchana mtoto alikwenda kuteka maji. Nami nikaitazama ile kadibodi iliyoegemezwa ukutani. Vipande vinne safi, na mwishoni lile tambara jeusi. Nikajiambia, mjukuu wangu anakwenda mbele za watu wa wilaya na uchafu huu, watasema ametoka nyumba gani? Labda kimemshinda, anaona haya kuniomba. Nikakitoa pini. Nikakifua kwa majivu, nikakirudia kwa sabuni, nikakisuuza kwa maji ya buluu, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikakianika juani kwenye jiwe. Kikakauka upesi. Nikakirudisha mahali pake, na nikaifunika kadibodi kwa gunia safi ili vumbi la njiani lisiiguse.

Mtoto aliibeba hivyo, imefunikwa. Nilimsindikiza, nikasimama nyuma pamoja na wazazi wengine. Alipoifunua alikuwa akiwatazama wakaguzi, si vipande. Akasoma karatasi yake bila kukwama. Alipofika pale alipoandika kwamba kipande cha maji matupu kilibaki cheusi, yule mzee mkaguzi akainama.

"Hiki hapa?"

"Ndiyo."

"Mbona ndicho cheupe kuliko vyote? Basi sabuni za nini? Twende tukaoge maji tu."

Watu wakacheka. Mtoto akageuka akakiona. Kisha akanitafuta mimi kwa macho kule nyuma, na akanipata. Ile rangi ya buluu aliijua. Hakuna mwingine nyumbani anayesuuza hivyo. Nilitaka kupaza sauti, lakini yeye akanitangulia.

"Nilichanganya, mwalimu," akasema. "Ni kosa langu."

Hakuchaguliwa kwenda Homa Bay. Njiani, tulipoliona ziwa, ndipo akaniambia.

"Dani, kile kilitakiwa kibaki kichafu."

"Kichafu cha nini?"

"Ndiyo vingine vijulikane vimesafishwa na nini. Kama ni sabuni, au ni maji tu."

Nikaelewa hapohapo. Ni jambo dogo, hata darasa langu la tatu lilinitosha. "Na hukuniambia," nikasema.

"Hukuniuliza."

Sasa nifike pale pagumu. Binti yangu alikuwa ameshaambiwa siku ya Homa Bay, kwamba ni Ijumaa. Mtoto alinisihi, "Mpigie wewe, Dani, mimi nitalia." Nikamkubalia. Simu nilikuwa nayo, na ilikuwa na chaji. Jumanne nikaishika, nikaiweka. Jumatano vivyo hivyo. Ningemwambia nini? Kwamba mimi niliyemzaa ndiye niliyemharibia mtoto wake? Nikasema moyoni, omena ni nyingi wakati huu, hatapata nafasi ya kuvuka.

Ijumaa jioni akapiga yeye. "Mama, sijawaona. Mko wapi?"

"Mtoto ameshikwa na homa," nikasema. "Tulibaki."

"Mpe pole. Boti inaningoja, mwambie nitakuja Desemba."

Desemba hakuifikia. Aliugua mwezi wa kumi, siku chache tu, na akaletwa kwa boti.

Siku ya mazishi mwanamke aliyekuwa akianika omena pamoja naye alikaa karibu nami kwenye mkeka. Alidhani ananifariji. "Yule alimpenda mtoto wake," akasema. "Siku ya Homa Bay aliniachia omena yake nimwanikie. Alivuka alfajiri. Aliniambia alikaa kwenye lango la ile shule mpaka watoto wa mwisho walipopanda magari, akiwatazama mmoja mmoja usoni, asije akampita bila kumtambua."

Maneno hayo nilikaa nayo miaka mitatu. Mwaka huu mjukuu alipofunga shule nikamwita, nikamweleza yote: simu, uongo wa homa, lango. Nilingoja anitukane. Alikuwa akichambua mboga, na mikono ikasimama.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

Nashukuru hilo nalo nilikuwa nimeambiwa. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamletea leso ya kahawia iliyorudi na vitu vyake kutoka kisiwani. Asubuhi ile ya kuvuka kulikuwa na upepo, na mama yake akajitanda leso hii ya kazi juu ya nguo nzuri. Mtoto akaikunjua. Magamba ya omena bado yamenata kwenye pindo, na harufu ikatoka yote.

"Hujaifua, Dani."

"Sijaifua," nikasema.