Majani ya Marehemu Baba

Kila mwaka joto la Maskati likianza kuvunjika, mimi na mama yangu huanza kugombana kwa sababu ya majani. Ni yale yaliyotandaa mbele ya nyumba yetu ya Madinat Sultan Qaboos, ambayo marehemu baba aliyapanda kwa mikono yake, kipande kwa kipande, alipostaafu. Kitu kingine kilicho hai hakutuachia, ndiyo maana sitaki yafe.

Kiangazi cha huku majani hunyweshwa mara mbili, alfajiri na magharibi, na bado yanakauka ncha. Mwezi wa kumi ukiingia, alfajiri peke yake yatosha. Ukishikilia kuyamwagia jioni, usiku umeshapoa, maji yanalala na mizizi inaoza. Jambo hili halihitaji chuo kikuu. Basi nikaenda kwenye kisanduku cha saa inayofungulia vinyunyizio maji, nikaifuta zamu ya magharibi, nikarudi ndani nimeridhika.

Kesho yake jioni maji yakafunguka kama kawaida. Nikafuta, yakarudi. Nikamwita fundi, akasema kisanduku kizima, hakina ila. Majani yakaingia madoa ya manjano, uyoga ukachomoza, na uani kukanuka tambara bichi lililosahauliwa ndooni. Hata hivyo mwizi wangu nilikuwa namjua. Humu ndani ni mtu mmoja tu anayengoja niingie chumbani kuswali.

Siku moja niliswali haraka haraka, Mungu anisamehe, nikatoka. Nikamkuta mama amevaa miwani, kidole kimoja kwenye kitufe, na mkono wa pili ameshika mpira wa maji. Kumbe vile vinyunyizio peke yake vilikuwa havimtoshi!

Nikamweleza habari ya mizizi kwa mara ya ngapi sijui. Akanijibu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akasema huu ndio mwezi wa vuli, kwao Unguja saa hizi ardhi inakunywa, na isitoshe maji ni sadaka, thawabu zake zinamfika baba. Nikamwambia hapa si Unguja, na kama ni sadaka, twende tukamchimbie kisima mahali penye watu wenye kiu, siyo kuwanywesha uyoga. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba anamuulia baba majani yake.

Mama akafunga mpira. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akavua miwani.

"Baba yako aliniomba maji," akasema. "Ile siku ya mwisho, hospitali. Daktari kakataza, na mimi nikamnyima. Nikamwambia ngoja, bwana, kesho utakunywa."

Sikuwa nalijua hilo. Nilijua tu kwamba kesho yenyewe baba hakuiona, na kwamba alifariki saa hizo hizo za magharibi.

"Sasa wewe wanambia majani yameshiba," akasema. "Mimi nnajuaje kama yameshiba?"

Nilikuwa na jibu. Unachomeka kijiti ardhini, kikitoka na tope basi yameshiba. Nimeshamwonesha mara nyingi. Nikalimeza. Nilikuwa bado nimekereka, kwa sababu mizizi haijui huzuni ya mtu, inaoza tu. Lakini nikaenda kwenye kisanduku, nikairudisha zamu ya magharibi mwenyewe, kisha nikaufungua ule mpira na kumpa mkononi.

Hivi sasa nusu ya ua ni tope tupu, na jirani ameshaniuliza mara mbili kama nina bomba lililopasuka. Namjibu kwamba fundi anakuja. Na kila magharibi nasimama pale na viatu vyangu vya kazini vimelowa, nimekasirika kweli kweli, nimemshika mama mkono asiteleze.