Kufuli ya Wenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bumala, fomeni alinikabidhi bisibisi na kufuli. "Ukimaliza kufunga sola, funga boksi. Ufunguo ni ya ofisi." Boksi ni kisanduku cha bati chenye kontrola, inayodhibiti umeme wa jua usiizidi nguvu pampu ya maji, na fyuzi, kawaya kanakokubali kuungua ili pampu ipone. Nilifunga kufuli hizo Bumala, nikahamishiwa Nangina nikafunga, kisha Malaba, chini ya Meneja wa Mradi, mtu wa mashati safi na hotuba ndefu kuhusu jamii.

Neno hilo hunitia hasira hadi leo. Kwenye hotuba, maji yalikuwa ya jamii. Kwenye boksi, kibandiko kilisema mali ya mradi. Hivyo watu wakajifunza neno baya kuliko yote niliyosikia kazini: wenyewe. Bomba likikauka, wangoje wenyewe. Vumbi likifunika paneli, waitwe wenyewe. Mtu anakunywa maji miaka nenda miaka rudi na bado ni mgeni kisimani pake.

Angurai ndiko nilikochoka. Mama Amoit, mwenyekiti wa kina mama wa kisima cha huko, alinipigia simu. "Fundi, maji imepotea. Tumerudi mtoni, kule ng'ombe inakunywa. Mjukuu wangu amelazwa, ni taifodi. Wenyewe wanakuja lini?"

Nikamwendea Meneja. Nilijua ni fyuzi. Hata yeye alijua.

"Usiguse, mzee. Wafadhili hawajatuma mtu wao. Tukifungua, waranti ya pampu imekufa."

"Na mtoto akifa?"

Akaniambia nisichanganye mambo.

Nilipanda boda boda hadi Angurai na msumeno wa chuma na fyuzi mfukoni. Wanaume waliokuwa kisimani wakarudi nyuma. "Wacha, fundi. Wenyewe watatushtaki." Nikawakaripia, nikawauliza ni nani aliyechimba mitaro ya haya mabomba. Mama Amoit akaninyang'anya msumeno.

"Ni sisi tulichimba," akasema, akaikata ile kufuli kwa mkono wake. Nikamwonyesha pa kuweka fyuzi mpya. Maji yakatoka.

Nilistaafishwa mapema kwa kosa la kuharibu mali. Mtoto alipona, lakini Meneja sijamsamehe.

Siku hizi nawasikia nyinyi vijana kwenye mikutano ya Malaba mkichora kesho ya kijani: miti kila mtaa, sola kila paa, kila kitu cha pamoja. Naitaka kesho hiyo kuliko nyinyi. Ila kwenye michoro yenu sioni ufunguo unakaa kwa nani, na hapo damu hunichemka.

Mwezi uliopita nilikuwa Angurai. Kina mama wana zamu ya kufuta paneli, na maji yanayomwagika yanaenda kwenye kitalu chao cha miche. Gari likasimama, akashuka kijana wa mradi mpya, kufuli mkononi.

"Habari mama. Wenyewe wako wapi?"

Mama Amoit, juu ya ngazi, hakuacha kufuta. "Unaongea nao," akasema. "Na hiyo kufuli, rudisha kwa gari."