Mwalimu Gwakisa na Mikia ya Maneno

Mimi nilisoma hadi la saba, nikaona inatosha, nikawaachia wengine nafasi. Lakini ukitaka kujua kompyuta za kituo cha jamii pale Wheaton, huku Marekani, ziliwashwa na nani kwa mara ya kwanza, ulizia. Utaonyeshwa mimi. Mwalimu Gwakisa alisimama mbali nazo, mikono nyuma, kama mkaguzi aliyeletwa kukagua vyoo.

Gwakisa namfahamu vizuri, maana kila Jumamosi nilimbeba katika teksi yangu kutoka Alexandria, bure, na kila Jumamosi nilimkumbusha kwamba ni bure. Siku nyingine aliegesha magari ya wageni hotelini, amevaa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu, na wageni walimwita "buddy". Jumamosi alivaa tai. Jumamosi aliitwa Mwalimu, na hapo usimguse. Alikuwa amefundisha shule ya msingi Tukuyu mpaka chaki ikaota kwenye kucha. Watu wetu huku walipoona watoto wao wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, wakamkabidhi.

Kituo kilitupa chumba na kompyuta kwa sharti moja. Sharti lenyewe lililetwa na binti wa Kikenya, Wamaitha, mfanyakazi wa pale, msomi, kila sentensi yake imechanganywa kama chai ya maziwa.

"Mwalimu, hii project ni ya voice ya watoto," alisema. "Kila mtoto a-record vile anafikiria kuhusu somo. Mimi nitaskiza. Nisiposkia watoto, boss wangu anapea watu wa karate hii room."

"Utawasikia," alisema Gwakisa. "Watoto wangu wana sauti nzuri sana."

Jumamosi hiyo nikaweka maikrofoni mezani, nikabonyeza panapobonyezwa, Mwalimu akafundisha faida za ng'ombe. Waliosoma kwetu wanaujua mtindo: mwalimu analikata neno kiunoni, darasa linamalizia.

"Ng'ombe hutupatia mazi—?"

"Wa," darasa likajibu.

"Na nya—?"

"Ma."

"Na ngozi ya kutengenezea via—?"

"Tu."

Jasho la furaha likamtoka. Watoto wenyewe ng'ombe walikuwa wamemwona kwenye galoni ya maziwa tu. Kompyuta ilinasa sauti dakika moja kisha ikakata, nami nikabonyeza tena na tena kama mtu anayekamua.

Wamaitha alikuja, akavaa vile vya masikioni, akasikiliza kwa uso wa mtu aliyekuta unywele kwenye supu.

"Mwalimu, nakuskia wewe. Watoto ndio hawa wanaitwa Wa, Ma na Tu?"

"Hao hao. Wamepata zote."

"Hawajasema kitu. Wewe unauliza, wewe unafikiria, wao wanaokota mikia. Nakupa Jumamosi moja ingine. Ikiwa ni hivi tena, ni karate."

Kwenye gari, tulipoingia barabara kuu ya Beltway, Gwakisa akalegeza tai.

"Mateke," akasema. "Watarusha mateke mahali pangu."

"Usijali," nikamwambia. "Koti jekundu utabaki nalo."

Hakucheka. Nikaona nimezidisha, nikawasha redio, maana kunyamaza si kipaji changu.

Jumamosi iliyofuata akaingia amebadilika. "Leo, wanangu, ninyi ndio mtakaofikiri. Mtafi—?"

"Kiri."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akajaribu tena. Akamwita Lévi, mtoto wa wale Wakongo wa jengo la nyuma.

"Lévi, unafikiri nini kuhusu ng'ombe? Unafikiri ni mnyama muhimu, sivyo? Vizuri sana. Kaa."

Lévi alikuwa hajamaliza kusimama.

Nikamshika Mwalimu tai. "Toka nje, bwana."

"Watoto nimwachie nani?"

"Kompyuta. Kubonyeza nimeshawafundisha."

Mlango ulikuwa na kioo kidogo, Gwakisa akabandika paji la uso hapo. Ndani, Jerotich, binti wa Kikenya mwenye miwani, alikuwa kwenye maikrofoni. Midomo yake ilicheza, na ya Gwakisa ikacheza naye, inamalizia maneno asiyoyasikia.

"Anasema nini?"

"Nijuaje? Niko huku na wewe."

"Amekwama. Anahitaji msaada."

"Anafikiri, ndugu yangu. Ndivyo kufikiri kunavyoonekana. Hujawahi kuona mtu akifikiri?"

Watoto walipoondoka, tukasikiliza. Akaanza Jerotich: "Mimi naona hatujasema ng'ombe mwenyewe anapata nini. Anatupa maziwa, anatupa ngozi, but nobody asked her." Akafuata Lévi, polepole: "Mwalimu anaulizaka, kisha anajibuka yeye mwenyewe. Miye niko na jibu, yeye analikamata mbele ya miye kumaliza. Sasa sitafutaka tena." Mwisho akaja Elieth, mdogo kuliko wote: "Mwalimu ni nice. Akienda nje, ni more nice."

Gwakisa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na masikio.

"Nifute?" nikamuuliza. "Ni kubonyeza tu. Tunawaandikia maneno matamu, wanakariri. Ukimpa Wamaitha haya, atajua tatizo la darasa ni wewe, huenda akaleta mwalimu mwingine."

"Rudia ya Lévi."

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia. Akainamisha kichwa karibu na spika.

"Huyu amekaa mbele yangu tangu Septemba," akasema. "Sikujua anaongea."

Akaichomoa disketi yenye sauti zao kwa mkono wake mwenyewe, yeye aliyeogopa hata kugusa waya, akaipeleka ofisini. Mimi nilimfuata ili aibu yake isikose shahidi.

Wamaitha alisikiliza. Kwa Elieth akacheka mpaka akavua vya masikioni.

"Hii ndio nilikuwa nataka. Room ni yenu. Lakini kila Jumamosi, wakati wa ku-record, wewe uko nje."

Gwakisa akanyoosha tai. "Na bado ni mimi Mwalimu?"

"Si ni wewe. Kwani nani mwingine? Umewaskia wenyewe. Hakuna mtu amesema wanataka mwingine."

Wiki iliyofuata akafundisha mvua, akajizuia sana, maneno mengine aliyamaliza mwenyewe huku ameuma ulimi. Muda wa kunasa ulipofika, hakutoka. Akafuta ubao uliokwisha kufutwa. Akapanga chaki. Mimi nilikuwa nimeshatangulia nje, nimeushika mlango.

Lévi akanyoosha kidole, akasubiri aruhusiwe, akasimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu. Tunaomba utoke."

"Marahaba," akasema Gwakisa, akatoka, na mlango akaufunga mwenyewe.