Mama Penina, Akaunti Haikupanda Lori

Mpaka leo asubuhi nikisikia ufagio upande wa pili wa ua nasema huyo Eliwaza kaamka. Kumbe ni mkwewe. Eliwaza, Mama Penina, tumemzika Jumamosi hapa Maramba, na mimi sijakubali. Tena nimemkasirikia.

Mnaonifuata humu mnajua sina maneno ya sukari. Msinitumie vipicha vya mishumaa. Someni.

Tulikua pamoja kambi ya mkonge, upande wa Pongwe. Wote tuliishia darasa la nne. Kwa hesabu nilikuwa namshinda, na mwalimu wetu angekuwa hai angewaambia.

Yeye akapata kazi ya kupiga deki benki, kule Usagara mjini. Nyuma ya kaunta palibandikwa karatasi ya namba za matawi yote ya mkoa. Mwenzangu huku anapiga deki, huku anasoma. Akazimeza zote. Mimi miaka hiyo nakata mkonge, na mkonge hauna cha kusoma.

Uzeeni tukakutana tena Maramba, ua kwa ua. Ndipo mnunuzi wa pilipili manga akatangaza halipi tena mkononi. Ni benki kwa benki, kila mkulima ajaze fomu: jina, namba ya akaunti, namba ya tawi. Ukikosea tawi, pesa inarudi ilikotoka.

Baraza ya Mama Penina ikajaa. Watu wazima, fomu mkononi: "Shikamoo mama, nisaidie branch code." Naye anaitamka hiyo branch code shingo kaipinda, utadhani meneja. Mwanamke niliyemfundisha mimi kusuka ukili.

Hata kuku wangu wakahamia kwake.

Mimi sikwenda. Niende nikamwambie nini? Nikachungulia fomu ya Asha, jirani wa chini, nikanakili namba ya tawi la Maramba, nikapeleka. Wenzangu wakalipwa. Mimi haikuingia hata senti. Nikiulizwa nasema sina haraka.

Siku moja akaniita juu ya ua, mbele ya baraza lake lote. "Mama Zuhura, akaunti yako ulifungulia wapi?"

"Pongwe. Nilipokuwa kwenye mkonge."

"Na kwenye fomu umeandika tawi gani?"

"Maramba. Naishi Maramba, ulitaka niandike Mombasa?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu, uliyehama ni wewe na godoro lako. Akaunti haikupanda lori."

Wakacheka wote. Alinijazia fomu upya kwa mkono wake, akaandika tawi la Pongwe, na pesa ikaingia. Sikumwambia ahsante. Sikumsemesha msimu mzima wa pilipili, na futari ya Ramadhani nikampelekea kwa mkono wa mjukuu, sahani bila salamu.

Lakini ngoja niwaambie nilichofanya. Kila akikaa barazani na watu wake, nami natoa ungo naketi nyuma ya ua, napepeta mchele. Mchele wenyewe safi. Nasikiliza. Maramba namba hii, Muheza namba hii, Korogwe, Lushoto. Nikazishika zote, moja moja, kwa wivu mtupu. Nilikuwa nasubiri siku augue, watu wakose pa kwenda, waje kwangu.

Sikuomba afe. Mafua tu. Siku mbili tatu za mafua.

Ijumaa, msibani. Penina yuko kazini Songea, anapiga simu analia. Mfuko wa msaada wa kazini kwao umetoa pesa ya jeneza na chakula, lakini unalipa benki kwa benki tu, na imebaki saa moja tu ofisi ifungwe. Anataka akaunti ya mweka hazina wa msiba, Mzee Shemhilu, na namba ya tawi. Pesa ikirudi, mama yake atazikwa kesho bila mkono wa bintiye.

Watu wote wakageuka kutazama kiti cha Mama Penina. Kitupu.

Mzee Shemhilu akasema, "Andika tawi la Maramba, si ndiko ninakoishi?"

Mdomo wangu ukatangulia. "Shemeji, akaunti ulifungulia wapi?"

"Lushoto, zamani, nilipokuwa nalima kabichi."

"Basi andika Lushoto. Akaunti haikupanda lori na wewe." Nikamtajia Penina namba ile, tarakimu kwa tarakimu, bila karatasi.

Simu ya mzee ikalia kabla ya sala ya jioni. Imeingia.

Nikajiweka sawa kwenye mkeka, nikasema leo ni leo, leo watanijua. Asha akafuta machozi, akasema, "Jamani, utadhani ni marehemu mwenyewe kasema." Wote wakaitikia. Wakaanza kumlilia upya.

Mnaona? Kalala ndani ya sanduku na sifa kachukua yeye.

Leo wamekuja watatu barazani kwangu na fomu. Nimewajazia. Mmoja kaacha mayai. Ndicho nilichokitaka miaka yote, na kila nikiandika namba nageuka kutazama ua, nione kama unaniona.

Hukuniona, Eliwaza. Sasa nimringie nani? Asha?

Ahsante ya ile fomu ya Pongwe, ichukue. Nilikuwa nayo siku zote, nilikuwa nakunyima tu.

Haya, lala, mwenzangu. Lala vizuri. Na nikikosea tawi, usiamke kunicheka.